Wali wa Siku za Sindano

Papa Saidi alikufa kitandani kwake Ndosho, mzee wa mvi tupu, na habari ilinifikia nikiwa katikati ya kushona gauni la bibi harusi. Nilifunga duka langu la Katindo mchana kweupe, jambo ambalo silifanyi hata umeme ukikatika, nikapanda pikipiki huku utepe wa kupimia nguo ukiwa bado shingoni. Nilimkuta Mama Mwajuma, mke wake, ameketi kwenye mkeka sebuleni, kajifunika kitambaa cheupe, na kabla sijafungua mdomo kumpa pole akaniangalia kuanzia juu mpaka chini. "Kavira, umekonda," akasema. "Hawakupikie?" Nililia hapo hapo, si kwa sababu ya kifo tu, bali kwa sababu hakuna mtu mwingine aliyebaki duniani anayeniuliza kama nimekula. Siku ya tatu ya matanga, wanawake tukiwa tunachagua mchele uani, pikipiki ilisimama mlangoni. Akashuka bibi mnene mwenye fimbo, na nyuma yake kijana wa pikipiki amebeba gunia la viazi. Bibi alichechemea kidogo mguu wa kushoto. "Munikaribishe," akasema. "Miye ni ule wa Rumangabo." Mama Mwajuma, ambaye siku zote tatu alikuwa amewafariji waliokuja kumfariji, alinyanyuka kwenye mkeka, akamkumbatia, na ndipo nilipomsikia akilia kwa sauti.

Mimi nami nilirudi nyuma zaidi ya miaka ishirini, kwenye mwaka ule baada ya lava ya volkano kuunguza Goma, mji ulipokuwa ukijengwa upya kwa mbao na kila mtaa ukinuka mbao mbichi. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, nimetoka Butembo kujifunza ushonaji, na nilipewa chumba cha nyuma katika nyumba hii hii. Niseme chumba, lakini kilikuwa kitanda kimoja, meza ya cherehani na msumari wa kutundikia nguo. Sakafu ilikuwa mawe meusi yaliyosawazishwa kwa udongo, na asubuhi ukikanyaga bila viatu baridi inakupanda mpaka kwenye meno. Ukuta uliotenganisha kitanda changu na sebule yao ulikuwa wa mbao zilizokauka na kuachana, nao waliziba nyufa kwa makaratasi ya maboksi. Maboksi hayazibi sauti. Nilisikia Papa Saidi akikoroga chai, nikamsikia Mama Mwajuma akimhesabia watoto wa majirani waliopona surua, nikawasikia wakicheka kwa mambo ambayo wazazi wangu mimi wasingeyacheka mbele ya padri. Wao walikuwa Waislamu, asili yao Maniema, mimi Mkatoliki wa Kinande, na kila Jumapili nikirudi kanisani Papa Saidi aliniuliza swali lile lile: "Mukatolika yetu, padri alisema nini? Watu ya kamio wataingia mbinguni?" Nikimjibu kwamba padri hakutaja malori, alitikisa kichwa kwa huzuni ya uongo na kunikatia kipande kikubwa cha bugali.

Alikuwa dereva wa lori la maharagwe na viazi, Goma kwenda Rutshuru na kurudi, na alikuwa na amri moja tu ya kazi: "Mutu uliyemupakia, unamufikisha." Mara moja alilala kwenye matope pamoja na bibi kizee na mbuzi wake, lori likiwa limezama, kwa sababu bibi hakuweza kutembea na yeye hakuweza kumwacha. Wenzake walimcheka mwezi mzima. Kwa afya yake mwenyewe, hata hivyo, alikuwa mzembe kuliko mtoto. Jino lilimuuma wiki nzima akisema ni upepo. Homa aliiita uchovu. Na sindano aliziogopa mpaka jasho linamtoka, ingawa hilo alilificha nyuma ya ndevu.

Jioni moja aliingia na mkono wa kulia umefungwa taulo, na nyuma yake mwanamke nisiyemjua, mguu wake umefungwa kipande cha kitenge kilicholowa damu. Huyo ndiye Mama Furaha, muuza viazi vya kuchemsha kando ya barabara pale Rumangabo. Gurudumu la lori lilikuwa limepasuka, Papa Saidi akakaa kwenye benchi lake akila wakati fundi akiziba, na mbwa akatokea kati ya watu, kimya, mate yakimtoka, akamrukia mama yule mguuni. Papa Saidi akamvuta mbwa kwa shingo, mbwa akageuka akamng'ata mkono. Watu walimpiga mbwa kwa mawe mpaka akafa, wakamtupa shimoni. "Mbwa amekufa, maneno imekwisha," Papa Saidi alisema akijaribu kucheka. "Halafu nilikuwa na jiwe."

Jiwe jeusi kila dereva wa kwetu alikuwa nalo. Ni kipande chepesi cha mfupa wa ng'ombe uliochomwa, kinachobandikwa kwenye jeraha la nyoka. Linang'ang'ania nyama, linanyonya, na siku linapoanguka lenyewe watu husema limeshiba, sumu imekwisha. Kisha huwekwa kwenye maziwa, maziwa yanatoa mapovu, na kila mtu anainama kuangalia sumu ikitoka. Papa Saidi alikuwa amembandika Mama Furaha kwanza, kwa sababu alikuwa mwanamke na kwa sababu alikuwa ameshampakia kwenye lori amlete kwetu, kisha akajibandika yeye. Jiwe lilikuwa sasa kwenye kikombe cha maziwa juu ya kabati, na usiku ule hakuna aliyekunywa chai ya maziwa. Mama Mwajuma hakuinama kuangalia mapovu. Alichukua sabuni na birika, akawaosha wote wawili vidonda vyao uani, muda mrefu, maji yakipita kwenye mawe meusi.

Mama Furaha alilala kitandani kwangu. Alinieleza habari za maharagwe yake ya shambani mpaka nikasinzia, mguu wake wenye kidonda umeinuliwa juu ya vitambaa vyangu vya mafunzo. Asubuhi Mama Mwajuma alitupeleka wote dispensari. Nesi alikuwa dada mwembamba mwenye sauti nzito. Aliosha tena vidonda kwa sabuni na maji ya bomba, hakuvishona, akachukua dawa kutoka kwenye friji. Papa Saidi alikuwa amesikia barabarani kwamba sindano za mbwa zinachomwa tumboni, na nyingi, basi akafungua vifungo vya shati, akatutolea kitambi chake huku amefumba macho kama mtu anayesali. "Funga, muzee," nesi alisema. "Ni ya mukono." Mama Furaha alicheka mpaka benchi likalia. Lakini nesi hakucheka alipoanza kueleza. Sindano zilikuwa tano, zimegawanywa katika mwezi. Ugonjwa huu wa kichaa cha mbwa, alisema, unatembea polepole mwilini, wiki na wiki, wakati mwingine miezi, na mtu anajiona mzima. Kidonda kupona si alama ya kitu. Dawa lazima ifike mbele ya ugonjwa, na mtu akianza kuumwa, hakuna tena dawa, si Goma, si Ulaya. "Mumesikia?" aliuliza. Wote wawili walisema wamesikia, kwa haraka ya watu wanaotaka kwenda nyumbani.

Mchana ule, tukitwanga sombe, majani ya muhogo, Mama Mwajuma aliniambia jambo ambalo nimekaa nalo mpaka leo. Alikuwa na kaka yake huko Kindu, Amisi, aliyeng'atwa na mbwa wa jirani. Kidonda kilipona kabisa, Amisi akarudi kucheza mpira. "Baadaye akaanza kulilia maji," alisema, mchi ukiwa umesimama mkononi. "Nikamuletea kikombe. Akaisukuma. Alikuwa na kiu, Kavira, na alikuwa anaogopa maji. Miye nilikuwa mutoto. Nilifikiri amenikasirikia." Akaendelea kutwanga. Nikachukua mchi wa pili tukatwanga kwa zamu, na sombe ya siku ile ililainika kuliko zote. Nilianza kuogopa kwa ajili ya Papa Saidi kama nilivyokuwa naogopa kwa ajili ya baba yangu akiwa njiani.

Mama Furaha alirudi kwake, Papa Saidi akapakia lori, na siku ya sindano ya pili ilipokaribia niliwasikia kupitia maboksi yangu.

"Muzee, sindano ni kesho."

"Jiwe ilianguka, Mama Mwajuma. Ilishiba. Na mukono, angalia, inapona."

"Nesi alisema kupona haiko kitu."

"Nesi hajaona vile miye nimeona. Ile jiwe iliokoa mutu wa nyoka mbele ya macho yangu, alikuwa amekufa nusu."

"Ni mbwa, haiko nyoka."

"Sumu ni sumu."

Mwanamke mwingine angepiga kelele, na mimi upande wangu wa ukuta nilikuwa nimeshakunja ngumi kwa niaba yake. Nilisikia akimimina chai. Aliposema tena, sauti ilikuwa laini, ya mtu anayefikiria mambo ya jirani.

"Sawa, baki. Miye nafikiria tu ule mama wa Rumangabo. Hajui Goma. Na alisema, kama haiko Papa Saidi, hataingia mu gari ya mutu mwingine."

Kijiko kiliacha kukoroga. "Alisema vile?"

"Njo vile alisema. Weye njo ulimupakia."

Nilichukua kipande cha kitambaa nikakiweka mdomoni ili kicheko changu kisipite ukutani. Mama Furaha hakuwa amesema neno kama hilo. Alikuwa amelala kitandani kwangu, na alichozungumza chote ni maharagwe. Lakini kesho yake lori lilisimama mbele ya nyumba, Mama Furaha akashuka kwenye kabini akiwa amevaa kitenge cha Jumapili, na Papa Saidi akashuka upande wa pili na uso wa mtu mwenye kazi kubwa. "Nimesindikiza mugonjwa," akatangaza. Waliporudi kutoka dispensari mkono wa shati lake ulikuwa umekunjwa, na wa mama yule pia.

Siku ile Mama Mwajuma alipika wali. Katika nyumba ile wali ulikuwa wa Ijumaa na wa sikukuu, na siku nyingine tulikula bugali na dagaa wa sambaza, au maharagwe ya madesu, au mchicha wa lengalenga na shukrani. Sasa ikawa kila siku ya sindano, iwe Jumatatu au Alhamisi, harufu ya mchele na mafuta ya mawese na kuku inanifikia kwenye cherehani, nami najua leo wanakuja. Aliupika kabla hawajafika, ili ukishaiva wasiwe na njia ya kutokuja. Mama Furaha alikula kwa heshima kubwa kwa chakula, bila maneno, kisha alipiga stori. Papa Saidi alimpa nyama ya mgongo. Na usiku, kitandani kwangu, mama yule alininong'oneza: "Ule muzee anaogopa sindano. Ulimuona alifunga macho? Dereva mukubwa vile!" Nilidhani anamtania tu. Nami nikamwambia ndiyo, anaogopa, lakini ana moyo. "Njo maana miye nakuja," akasema, akageukia ukutani akalala. Sikulitilia maanani neno hilo, nilikuwa na usingizi.

Ya tatu ikapita, ya nne ikapita. Wakati huo vidonda vilikuwa makovu, na Papa Saidi alianza tena kusema habari za jiwe, lakini kila mara aliposema, mke wake alitaja Rumangabo na yeye akaenda kutafuta funguo za lori. Ikabaki moja, ya mwisho, ile ambayo nesi alisema ndiyo watu wengi huiacha, maana mtu amechoka na hakuna kinachomuuma. Siku hiyo wali uliiva saa sita. Saa nane ulikuwa umepoa. Jioni madereva waliofika walituambia kwamba barabara imefungwa, kuna milio ya risasi juu kule, magari yote yamezuiliwa kwenye barieri. Kesho yake Mama Mwajuma aliupasha moto wali ule ule. Nilimkuta amekaa kwenye jiwe la mlangoni na kikombe cha maji mkononi, hanywi, anakiangalia tu. "Kavira," alisema, "nilisema uongo mingi mu ile mambo. Mungu anajua. Sasa kama hawafike, uongo yangu ilifanya kazi gani?" Nilikaa karibu naye, nikamshika mkono. Ulikuwa wa baridi kama mawe ya chumba changu.

Ilikuwa baada ya sala ya alasiri nilipoona chukudu linashuka barabara ya mawe. Wageni huliita baiskeli ya mbao. Sisi tunajua ni zaidi ya hapo, maana bila hayo magurudumu mawili ya mti na mwanamume wa kuyasukuma, Goma isingekula. Hili lilikuwa limejaa kabichi za Kibumba, na juu ya kabichi, ameketi kama chifu, Mama Furaha, ameshika usukani kwa mkono mmoja na kilemba kwa mwingine. Mwenye chukudu alikuwa upande mmoja, na upande wa pili, vumbi mpaka kwenye nyusi, viatu vimepasuka, Papa Saidi akishikilia mzigo usipinduke. Mtu huyu, ambaye alikuwa amelala na lori lake kwenye matope, alikuwa ameliacha barierini kwa dereva mwenzake na kutembea.

"Kamio iko wapi?" Mama Mwajuma aliuliza, maana hakuna lingine aliloweza kuuliza.

"Kamio itangoja. Huyu mama ana sindano."

"Na weye?"

"Miye namusindikiza."

Hakuwaruhusu kuketi. Aliwapeleka moja kwa moja dispensari, yeye mbele, kanga inapepea, sisi nyuma, na mwenye chukudu pia akaja kwa sababu alitaka kuona mwisho. Nesi alikuwa anafunga mlango. Alipowaona walivyo, aliufungua tena bila kuuliza. Mama Mwajuma alianza kuomba radhi kwa kuchelewa, na nesi akamkata: "Kuchelewa siku moja haiko kitu, mama. Kutokuja njo ugonjwa." Papa Saidi alifumba macho. Mama Furaha alimshika mkono ule mwingine, kwa nguvu, kama anavyoshikwa mtoto. Tuliporudi nyumbani tulikula wali wa jana uliopashwa mara tatu, umeungua chini, na mwenye chukudu alipewa ukoko wote. Nimekula harusi nyingi tangu hapo, nyingine nimezishonea mwenyewe nguo zote, na sijakula wali mtamu kama ule.

Sasa tulikuwa tumeketi wanawake watatu kwenye mkeka, miaka yote hiyo imepita, barabara ile imefungwa na kufunguliwa mara ambazo sikuzihesabu, na gunia la viazi limeegemezwa ukutani, pale pale palipokuwa na maboksi. Mtu alimuuliza Mama Furaha amemjuaje marehemu. "Miye?" akasema, akanyoosha mguu wenye kovu. "Miye nilimuokoa." Wanawake wakacheka kidogo, kwa adabu ya msibani, maana wote walikuwa wamemsikia Papa Saidi, kwenye kila sikukuu, akihadithia alivyomwokoa mama mmoja wa Rumangabo. "Kweli kabisa," Mama Furaha akaendelea. "Kidonda yangu ilikuwa imepona, nilikuwa na shamba ya kupalilia, jiwe ilishaanguka. Singerudi hapa. Lakini huyu mama alinituma neno na dereva: 'Bwana yangu anaogopa sindano kama mutoto. Bila weye hataenda. Nisaidie, mwanamuke mwenzangu.' Nikasema, muzee mwenye alitoa mukono yake mu kinywa ya mbwa juu yangu, nitamuacha afe? Njo nikakuja. Kila mara. Mupaka juu ya kabichi."

Niligeuka nikamtazama Mama Mwajuma. Miaka yote hii nilijivunia kuijua siri ya nyumba hii, kumbe nilijua nusu yake, ile iliyopita ukutani kwangu. Alikuwa ameinamisha kichwa, lakini chini ya kitambaa cheupe niliona mdomo wake unatabasamu.

"Uliwadanganya wote wawili?" nikamnong'oneza.

"Mutu hajihurumie mwenyewe, Kavira," alisema. "Anahurumia mwingine. Nikapitia mule."

Mama Furaha alikuwa mzito wa masikio siku hizi, sidhani alisikia. Alikuwa anapapasa mkeka kwa kiganja, machozi yameanza kumtoka polepole. "Na mwisho," aliuliza, "muzee alisumbuka?"

"Hapana," alisema Mama Mwajuma. "Aliamuka asubuhi, akanitafuta kwa macho. Akaniomba maji."

Nikamkumbuka Amisi aliyesukuma kikombe. Nilimwona tena Mama Mwajuma kwenye jiwe la mlangoni, na kikombe kile mkononi. Nilimshika goti.

"Akakunywa?" nikamuuliza.

"Nilimushikia kikombe," alisema. "Akakunywa yote. Akaniangalia, akasema, ongeza." Alipangusa uso kwa ncha ya kitambaa, bila haraka. "Nikaongeza."